Mgeni wa Jukwaa la Bonde

Kila asubuhi Mzee Telesphor alikunywa uji na kusoma jukwaa kwa sauti.

Mzee Telesphor ni mwalimu mkuu mstaafu. Anaishi katika kijiji cha Usevya pamoja na Josefina, mke wa mwanawe Wiliam. Wiliam ni fundi ujenzi, na siku nyingi yuko Mpanda mjini. Josefina hulima mpunga katika bonde la kusini, karibu na mpaka wa hifadhi. Mwezi huo wa Mei, mpunga wake ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Ndege waliutaka. Tembo nao waliutaka.

Kwa sababu hiyo wakulima walikuwa na jukwaa. Jukwaa ni ukurasa wa mtandaoni ambapo watu huandika na kujibizana. Lao liliitwa Jukwaa la Bonde. Aliyeona tembo aliandika humo. Simu za wenzake zililia "ting!", nao wakachukua madebe na kwenda kupiga kelele kutoka mbali, mpaka tembo warudi msituni.

Jukwaa hilo halikumtaka mtu ajiandikishe. Yeyote aliweza kuandika, nalo lilimpa kila mmoja jina lile lile: Mgeni.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mzee Telesphor, akiweka miwani sawa. "Mgeni anauliza dawa ya viwavi. Mgeni anamjibu atumie majivu. Mgeni anasema majivu ni ushamba. Mgeni anamwambia Mgeni kwamba hana adabu. Mgeni anawaomba wageni wote watulie."

"Wageni ni wengi, baba," alisema Josefina.

"Hili si jukwaa. Huu ni msiba usio na wenyeji."

Aliendelea kusoma. Ghafla akanyamaza. Miwani ilimteleza mpaka ncha ya pua.

"Kuna nini, baba?"

Mzee alisoma taratibu, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. "'Mlinzi wa zamu ya jioni katika dungu la kusini analala. Ndege wameuzoea mkoromo wake. Wakiusikia, wanaitana kuja kula.'"

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti shambani. Mlinzi hukaa humo akitazama ndege na wanyama. Na mlinzi wa zamu ya jioni katika dungu la kusini alikuwa Mzee Telesphor.

"Uzushi!" alifoka. "Mimi sikoromi! Josefina, umewahi kunisikia nikikoroma?"

Josefina aliinamia sufuria. Katika ukoo ule, mke wa mwana hamkosoi baba mkwe. Hamtazami machoni. Hata jina lake halitamki. Akiwa amelala, hamwamshi.

"Uji umepoa, baba. Nikuongezee?"

"Lakini tazama," mzee aliendelea, akiinua simu. "Mzushi huyu anaandika vizuri. Ameweka nukta zote. Ni mtu aliyesoma. Nitamjua tu!"

Josefina alikohoa kwa muda mrefu. Alisema ni moshi.

*

Siku ya Ijumaa Josefina alipeleka gunia lake la mpunga wa mwaka jana kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ilikuwa ya Ladislas. Hapo palikuwa na sheria moja: magunia yanapangwa kwa foleni, na gunia lisilo na mwenyewe linarukwa.

Foleni ilikuwa ndefu. Gunia la Josefina lilikuwa la tatu. La mwisho lilikuwa la Respicius, katibu wa kikundi cha wakulima. Respicius alikuwa amekaa juu ya gunia lake, anachezea simu.

"Ting!" Simu zote zililia.

"Tembo!" mtu alipiga ukelele. "Mgeni anasema tembo wameingia bonde la kusini!"

Watu waliacha magunia. Walichukua madebe, sufuria na mifuniko. Josefina alikimbia mbele ya wote, maana bonde la kusini ndilo shamba lake.

"Baba Respicius, huji?" aliuliza bila kusimama.

"Mguu huu, jamani! Kimbieni nyie. Mimi nitalinda magunia."

Walifika bondeni wakihema. Hapakuwa na tembo. Palikuwa na korongo mmoja, naye aliwatazama kwa mshangao.

Waliporudi mashineni, Respicius alikuwa anafunga gunia la mchele aliokobolewa na kijana wa mashine.

"Umemaliza?" aliuliza Josefina. "Si ulikuwa wa mwisho?"

"Sheria ni sheria, mama. Magunia yenu hayakuwa na wenyewe." Alilibeba gunia begani na kuondoka kwa hatua za haraka. Siku hiyo mguu ulikuwa umepona ghafla.

Ilikuwa mara ya tatu kwa juma lile. Watu walikasirika.

"Mimi sikimbii tena," alisema Ladislas. "Mgeni akisema tembo, nitamwambia akawape maji ya kunywa."

*

Jumatatu, jua lilipokuwa linachomoza, Josefina alikuwa peke yake katika dungu la kusini. Zamu ya asubuhi ilikuwa yake.

Kwanza alisikia matawi yakivunjika. Kisha akawaona. Walikuwa tembo watatu, na mmoja alikuwa na mtoto. Walitoka msituni bila haraka, kama watu wanaokwenda sokoni.

Josefina alipiga debe. Tembo walitikisa masikio na kuendelea. Debe moja ni kelele ndogo. Alijaribu kupiga simu, lakini dakika zilikuwa zimekwisha. Alibaki na bando la intaneti tu. Aliandika haraka jukwaani: "Tembo watatu wakubwa na mtoto. Bonde la kusini. Ni kweli. Njooni."

Jina lake lilitokea juu ya maneno hayo: Mgeni.

Alingoja. Simu ikalia.

"Mgeni: Kakoboe mpunga wako ukalale."

Simu ikalia tena.

"Mgeni: Leo wana mtoto? Kesho watakuja na bibi yao."

Ikalia mara ya tatu.

"Mgeni: Wewe ni mwongo, mzushi na adui wa maendeleo. Tumekuchoka. Ukome."

Josefina aliyasoma maneno hayo mara mbili. Nukta zilikuwa zote mahali pake. Katika Usevya nzima, mtu mmoja tu aliandika hivyo. Alikuwa nyumbani, anakunywa uji.

Tembo walikula kwa saa nzima. Walipoondoka, robo ya shamba ilikuwa imelala chini kama mkeka.

Mzee Telesphor alifika saa tatu, akiwa na chupa ya chai. Aliutazama mpunga uliokanyagwa. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukutujulisha, mwanangu?"

"Niliandika, baba. Niliandika kwamba wana mtoto."

Mzee Telesphor alifungua chupa. Alimimina chai, akampa Josefina kikombe kwa mikono miwili. Hakuwahi kufanya hivyo tangu mwana wake amwoe.

"Watarudi," alisema Josefina. "Tembo wakishaonja mahali, hurudi. Safari ijayo watamaliza. Wiliam akija kuvuna, atavuna nini?"

"Hawatamaliza," alisema mzee. "Nitaliweka jukwaa hilo katika mstari."

*

Jukwaa lilitengenezwa na Odeta. Odeta alilelewa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akasomea kompyuta, na sasa alikuwa anaishi Misunkumilo, Mpanda. Kila Jumatano alikuja Usevya kuwafundisha wakulima matumizi ya simu.

Jumatano hiyo kikundi kilikutana katika ghala. Mzee Telesphor, mwenyekiti, alisimama mbele na daftari kubwa la mahudhurio, kama zamani shuleni.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna Mgeni. Kila mtu atajiandikisha jukwaani kwa jina lake kamili, jina la baba yake, jina la babu yake, kitongoji chake na parokia aliyobatizwa."

"Na rangi ya mbuzi wake?" aliuliza Ladislas.

"Usinichekeshe, Ladislas. Nilikuchapa darasa la nne kwa mambo hayo hayo."

Odeta aliinua mkono. "Mzee, kujiandikisha ni jambo jema. Lakini je, lazima majina yote yaonekane na kila mtu?"

"Mtu mwema hana la kuficha."

Wengi walipiga makofi. Respicius alipiga makofi kuliko wote. Odeta hakuridhika, lakini kikundi kilikuwa kimeamua. Alianza kumsaidia mmoja mmoja kujiandikisha, na kila mtu alichagua neno lake la siri, ambalo watu huliita paswedi.

Wakati Odeta yuko pembeni na akina mama, Mzee Telesphor alifungua daftari lake. Aliamini kwamba kazi isiyo na kumbukumbu si kazi.

"Ladislas!"

"Nipo, mwalimu!"

"Paswedi yako?"

"Mbele za watu, mwalimu?"

"Tunaandika kumbukumbu. Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Ladislas alimtazama mke wake, Eufrazia, aliyekaa kando yake. Alitazama paa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Matilda."

Watu wote walimgeukia Eufrazia.

"Matilda ni nani?" aliuliza Eufrazia.

"Ni neno tu, mke wangu. Neno la siri."

"Nasikia kwamba ni la siri. Mama yako haitwi Matilda. Binti yetu haitwi Matilda. Hata mbuzi wetu haitwi Matilda."

"Mwalimu, naomba kwenda nje," alisema Ladislas.

Odeta alikuja mbio. "Mzee! Unaandika paswedi za watu?"

"Naam. Kumi na moja tayari. Kwa wino."

"Mzee wangu, ukizitundika funguo za nyumba zote za Usevya kwenye msumari mmoja, mwizi akaja, atavunja nyumba ngapi?"

Mzee alifikiri. "Hatavunja hata moja. Atafungua tu."

"Basi daftari lako ni huo msumari. Paswedi anaijua mwenyewe peke yake. Haiandikwi daftarini, haisomwi mkutanoni, haipewi mwenyekiti. Hata mimi niliyetengeneza jukwaa siruhusiwi kuiuliza. Mtu akipiga simu kuiomba, hata akijiita bosi wa mtandao, ni tapeli."

Mzee Telesphor aliuchana ukurasa kwa mkono wake. Ukatiwa kwenye jiko la mama aliyepika chai ya mkutano. Wote kumi na mmoja walibadilisha paswedi zao.

"Na yangu?" aliuliza mzee kwa upole.

"Yako ni ipi? La, usiniambie!"

"Sikuambii. Lakini ni jina langu, kwa herufi kubwa."

"Ibadilishe, mzee. Changanya maneno matatu yasiyojuana, tia na tarakimu ndani yake. Na isiwe jina lako wala tarehe yako ya kuzaliwa."

"Wala Matilda," alisema Eufrazia.

*

Tangu siku hiyo matusi yalikwisha jukwaani. Uongo nao ulikwisha. Mzee Telesphor alifurahi sana.

"Heshima imerudi," alisema asubuhi, akikunywa uji. "Sikiliza. 'Telesphor: Habari za asubuhi, wananchi.' Hiyo ni ya jana. 'Telesphor: Je, mmeamkaje?' Hiyo ni ya juzi. 'Telesphor: Mbona kimya?' Hiyo ni ya Jumapili."

"Na wengine wameandika nini, baba?"

Mzee alipangusa kioo cha simu, kana kwamba majibu yalikuwa chini ya vumbi. "Wengine wanatafakari."

Ukweli ni kwamba wengine waliogopa. Mama mmoja alitaka kuuliza dawa ya fangasi, lakini hakutaka ukoo wake wote usome. Kijana mmoja alijua nani anafungulia ng'ombe mashambani, lakini mwenye ng'ombe alikuwa mwajiri wake. Na Josefina, jioni moja alipokuwa akipita na ndoo ya maji, aliona nyayo mbichi za tembo karibu na mpaka. Dungu la kusini lilikuwa kimya, isipokuwa kwa mkoromo.

Josefina alikohoa. Alipiga makofi ya hodi. Aliangusha ndoo makusudi. Mkoromo uliendelea.

Alishika simu, akaandika: "Nyayo mbichi mpakani. Mlinzi wa dungu la kusini amelala." Kisha akaona jina litakalotokea juu: Josefina, mke wa Wiliam wa Telesphor. Akafuta neno moja moja mpaka yakaisha.

Jumatano alimfuata Odeta.

"Dada Odeta, nakuomba siri."

"Sema, dada."

"Yule Mgeni aliyeandika habari za mkoromo ni mimi."

Odeta alijitahidi kutocheka. Alishindwa.

"Usicheke! Mimi siwezi kumwambia mzee mdomoni. Kwa jina langu siwezi kumwandikia. Pasipo jina hakuna anayeniamini. Nifanyeje? Tembo wako karibu, nami nimebakiza robo tatu tu ya shamba."

Odeta aliacha kucheka. "Nitazungumza naye. Sitakutaja."

Alimkuta Mzee Telesphor akiandika "Habari za mchana, wananchi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jukwaa letu lina adabu siku hizi."

"Lina adabu ya makaburini, mzee. Hebu niambie. Umewahi kusimamia uchaguzi?"

Mzee alinyoosha mgongo. "Nimekuwa karani wa kituo cha kura mara nne. Sikuwahi kupoteza hata karatasi moja."

"Mpiga kura anajiandikisha?"

"Lazima! Asiyejiandikisha hapigi kura. Vinginevyo mtu mmoja atapiga mara kumi."

"Na karatasi ya kura, anaandika jina lake juu yake?"

"Hasha! Akiandika jina, kura inaharibika. Watu watamwogopa mwenye nguvu, hawatasema wanalotaka."

Odeta alimwacha mwalimu ajisikie mwenyewe.

Mzee Telesphor alivua miwani. Aliipangusa. Aliivaa tena. "Endelea," alisema.

"Jukwaa la kwanza lilikuwa kura bila daftari. Mtu mmoja alipiga kelele kwa midomo kumi. Jukwaa la pili ni kura yenye majina. Watu wamefunga midomo. Tunahitaji vyote viwili. Mtu ajiandikishe kwa namba yake ya simu. Jukwaa litamtumia tarakimu za kuhakiki, azijaze, tujue kwamba ni mtu wa kweli na si mtu yule yule mara kumi. Namba hiyo haionekani kwa mtu. Kisha achague jina la jukwaani, moja tu, asilibadilishe."

"Jina la bandia?"

"Jina la jukwaani. Pembeni yake zitaonekana jumbe zake zote za zamani. Akisema kweli, watu wataona. Akidanganya, wataona. Ujumbe wa tembo ukikutwa ni wa uongo, ataonywa. Akirudia, jina linafungiwa siku thelathini. Akitishia mtu, tunapeleka polisi. Sheria hizo zitaandikwa wazi kabla mtu hajajiunga. Na anayetaka kusoma tu, asome bila kujiandikisha."

"Na namba hizo za simu zitakaa wapi?"

"Swali zuri sana, mzee. Mama yangu, Capitoline, ameandikwa katika madaftari mengi maishani mwake. Mtu akifungua daftari jingine, yeye huuliza hivi: mnaandika nini, kwa nini, na nani anashika ufunguo? Wasipojibu, haandikwi. Sisi tutachukua namba ya simu tu. Babu na parokia hatuvihitaji. Ufunguo nitashika mimi, na hata mwenyekiti hataoneshwa."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, mzee."

Mzee Telesphor hakuipenda sentensi hiyo. Lakini alikuwa amesimamia kura mara nne, na hakuweza kuipinga.

"Nina swali moja la mwisho. Nikitaka kumwandikia mtu asiyejulikana, peke yake, wengine wasisome?"

"Unabonyeza jina lake na kumwandikia ujumbe wa faragha. Simu yake pekee italia."

*

Jukwaa lilifufuka. Watu walichagua majina. Ladislas alijiita Mume Mwema, kwa ushauri wa Eufrazia. Mama mwenye swali la fangasi alipata majibu matano. Mwenye ng'ombe alisoma habari zake na kutengeneza zizi. Mzee Telesphor alijiita Mwalimu Mkuu Mstaafu Telesphor, kwa sababu alisema hakuona haja ya jina jingine zuri zaidi.

Lilitokea pia jina la Jicho la Bonde. Huyu aliandika kidogo, lakini aliandika kweli. "Ndege wengi mashariki." Watu wakaenda, wakawakuta. "Maji ya mfereji yamepungua." Wakaenda, wakaona. Baada ya majuma mawili watu walisema, "Akisema Jicho la Bonde, vaa viatu."

Lilitokea jina jingine, Mpenda Haki. Siku foleni ya mashine ilipokuwa ndefu, Mpenda Haki aliandika kwamba tembo wameingia. Watu walikimbia, hawakukuta kitu. Jina likaonywa. Juma lililofuata foleni ikawa ndefu tena, na Mpenda Haki akaandika tena. Safari hii watu walitazama pembeni ya jina lake, wakaona uongo wa kwanza, wakabaki wamekaa juu ya magunia yao. Mtu mmoja tu alitumwa kwenda kutazama. Alirudi na kuku wake aliyempotea, lakini hakuona tembo.

Kesho yake Respicius alifika mashineni amekasirika.

"Hili jukwaa ni la kionevu! Limenifungia siku thelathini! Mimi, katibu!"

"Limekufungia kwa kosa gani, baba Respicius?" aliuliza Josefina.

"Eti Mpenda Haki ameandika uongo mara mbili!"

Ladislas alizima mashine ili asikie vizuri.

"Kwa hiyo Mpenda Haki ni wewe?" aliuliza.

Respicius alitazama nyuso zote. Hakuna aliyemtaja. Odeta hakusema neno. Respicius alijitaja mwenyewe, mchana, kwa sauti ya mkutano.

"Mguu wangu unauma," alisema.

"Pole, baba," alisema Josefina. "Kwenye dungu mtu hakimbii. Anakaa tu. Bonde la mashariki halina mlinzi wa asubuhi kwa siku thelathini zijazo."

Foleni nzima ilikubali. Gunia lake likawekwa mwisho.

*

Zilikuwa zimebaki siku sita tu kabla ya mavuno. Saa kumi na moja jioni Josefina alikuwa ng'ambo ya bonde, anateka maji. Aliinua macho. Tembo wanne walikuwa wanatoka msituni. Walielekea moja kwa moja kwenye robo tatu iliyobaki.

Alitega sikio asikie debe la dungu la kusini. Kimya. Kutoka pale hata angepiga ukelele usingefika.

Alitoa simu na kuandika bila kufuta neno: "Tembo wanne. Bonde la kusini. Mlinzi wa dungu amelala. Aamke sasa."

Juu ya maneno hayo lilitokea jina: Jicho la Bonde.

Katika dungu la kusini simu ya Mzee Telesphor ililia "ting!" kifuani pake. Alishtuka. Alisoma. Uso ulimwiva kwa aibu. Kisha akatazama nje, aibu ikaondoka, ikabaki kazi. Aliruka juu na kupiga debe kwa nguvu zote za miaka sabini na mmoja.

Debe moja ni kelele ndogo. Lakini dakika chache baadaye yalisikika mengine. Kutoka kijijini watu walikuwa wanakuja, wote, na sufuria, na mifuniko, na tarumbeta ya kwaya. Ladislas alikuwa amevua shati analipunga. Hata Respicius alikuja, na hakuchechemea. Walisimama mbali kama walivyofundishwa, wakapiga kelele. Odeta aliuona ujumbe jukwaani akiwa Mpanda, akawapigia simu askari wa wanyamapori.

Tembo walisimama. Walitikisa masikio. Yule mkubwa alinyanyua mkonga, akageuka, na wenzake wakamfuata msituni.

Hawakula hata suke moja.

*

Wiliam alikuja kuvuna. Robo tatu ya shamba ilijaza ghala la nyumbani mpaka mlangoni.

Mzee Telesphor alikwenda kwa Odeta mara moja tu. "Mimi ni mwenyekiti," alisema. "Niambie Jicho la Bonde ni nani. Nataka kumshukuru."

"Karani wa kura," alisema Odeta, "ungemwonesha mwenyekiti karatasi ya mtu?"

Mzee alisimama wima. "Ungenitajia, ningedai ufukuzwe kazi," alisema, akaondoka ameridhika.

Asubuhi iliyofuata alikaa na uji wake. Josefina alikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Simu yake ilikuwa kando ya chungu. Mzee alivaa miwani, akabonyeza jina la Jicho la Bonde, akaandika ujumbe wa faragha. Aliandika polepole na kuweka nukta zote:

"Ndugu Jicho la Bonde. Nakushukuru. Mlinzi wa dungu la kusini anakiri kwamba anakoroma. Sasa analala kwanza nyumbani mchana, ndipo anakwenda zamu. Akilala tena, mwandikie tena."

Akabonyeza tuma.

"Ting!" ililia simu jikoni.

Mzee Telesphor alibaki ameshika kijiko hewani. Nyuma ya pazia hapakusikika kitu, hata mwiko.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "simu yako imelia."

"Ni mtandao, baba. Wanasema bando langu limekaribia kwisha."

"Bila shaka," alisema Mzee Telesphor. Alikunywa uji mpaka mwisho, akafuta midomo, akaweka shilingi elfu tano chini ya kikombe. "Basi ongeza bando, mwanangu. Lisije likakatika saa ya zamu yangu."

Kisha akajinyoosha juu ya mkeka. Ilikuwa bado asubuhi, lakini zamu yake ilikuwa ndefu, naye alitaka kuifikia akiwa amekoroma ya kutosha.